Mgeni Wangu wa Siku Ishirini na Moja

Nyie chekeni tu, maana hapa Makanyagio watoto wa chekechea wameshanicheka, na juzi bodaboda mmoja alipunguza mwendo makusudi aniulize, "Mzee, shemeji hajambo?" halafu akatia gea akaondoka. Aibu yangu haina tena pa kujificha, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe, kwa sababu ile inayosimuliwa sokoni imeshatiwa chumvi (wapo wanaosema kuku alikuwa amevaa shela, na mimi nasema hakuvaa shela).

Mimi ni fundi seremala. Mke wangu, Mama Skola, alifariki mwaka jana mwishoni mwa kiangazi, akaniachia nyumba ya vyumba vitatu na kuku kumi na tisa wa kienyeji. Kuku walikuwa wake, mimi kazi yangu ilikuwa kuwala. Mtoto tuna mmoja, Skola mwenyewe, anafundisha shule ya msingi Sumbawanga, na kila Jumapili akipiga simu huuliza, "Baba, uko na nani hapo?" nami humjibu, "Aah, nyumba imejaa watu mwanangu, hata pa kukaa hakuna," huku nimekaa peke yangu naangalia viti sita nilivyovitengeneza kwa mikono yangu, vitano vina vumbi.

Sasa, Mama Skola alikuwa ameniomba miaka na miaka nimtengenezee banda la kuinuliwa, lenye miguu, kila mguu uingie kwenye kopo la oili chafu ili wadudu wasipande. Nikawa namwambia kesho. Nusu ya mji huu inalalia vitanda nilivyotengeneza mimi, lakini kuku wa mke wangu walilala chini, kwenye banda la mabanzi lililoegemea ukuta wa jiko. Mvua za mwezi wa pili zilipokolea, siafu wakahama kutoka mashimoni mwao, na asubuhi moja nilipokwenda kufungua banda nikakuta mitetea wawili waliokuwa wanaatamia wamebaki manyoya na mifupa. Wa tatu, mweupe mwenye shingo tupu, alikuwa amekakamaa juu ya mayai yake, siafu wameshamfikia miguuni, na hajaondoka. Nilimbandua siafu mmoja mmoja kwa vidole (waliniuma hadi nikaimba), nikamwaga majivu na mafuta ya taa, kuku wengine nikawahamishia jikoni, na huyo nikamwingiza ndani pamoja na mayai yake kumi na mawili.

Ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo. Sakafuni niliogopa, kwa kuwa siafu walikuwa wameshaonekana chini ya mlango. Kwa hiyo nilichukua beseni, nikalijaza maranda ya kutoka karakana, nikatandika juu yake kitenge cha zamani cha marehemu, nikaliweka kitandani, upande wa ukutani. Upande ambao mimi silali.

Siku ya kwanza sikumsemesha. Siku ya pili nilimwekea mahindi ya kuparaza na maji, nikasema, "Haya, kula." Siku ya tatu nilijikuta nimekaa kwenye kigoda kando ya kitanda mchana kweupe namweleza habari za mteja mmoja msumbufu wa kabati, naye ananitazama kwa jicho moja, anaguna kidogo, ananitazama tena. Nikamwambia, "Kula basi bibie, umekonda. Usiinuke, mimi nitakuletea hapo hapo."

Dirisha lilikuwa wazi. Nje akapita jirani yangu Mama Aneti, mjane kama mimi, muuza samaki wa kutoka ziwani Karema, mwanamke ambaye sikio lake lingeweza kuajiriwa na serikali.

"Baba Skola! Una mgeni?"

Jamani, ningesema nini? Kwamba mzee mzima naongea na kuku? Nikatoa kichwa dirishani nikasema, "Ndiyo, nina mgeni."

"Mbona hatoki tumsalimie?"

"Anapumzika. Kwa sasa haruhusiwi kuinuka inuka."

"Ooh! Ni hali hiyo, eeh? Bado muda gani?"

Nikahesabu siku ishirini na moja za mayai, nikatoa alizokwisha kulalia, nikajibu (Mungu anisamehe, nilijibu kwa ukweli kabisa), "Kama siku kumi na tano hivi."

Mama Aneti akaweka mkono kifuani. "Hongera, kaka yangu," akasema, akaondoka mbio mbio.

Ningeweza kumwita palepale. Nilishindwa, nikajiambia nitamweleza kesho, na kesho yake alikuja na chupa ya uji wa ulezi wenye karanga. "Mpe mgeni, utamtia nguvu." Baada yake akaja mwingine na maharage, na mwenyekiti wa jumuiya yetu, ile jumuiya ya majirani tunaosali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi asubuhi, naye akasimama mlangoni kwangu robo saa nzima tukaongea habari za mvua. Tangu matanga yaishe hakuna aliyekuwa amesimama mlangoni kwangu robo saa. Nami nilikuwa nimeacha kwenda jumuiya, kila Jumamosi nina kisingizio, mara mgongo, mara kazi za watu. Sasa kila siku nasikia hodi. Nikawa nanyoa ndevu. Nikafuta vumbi viti vyote sita. Na uji ule, nisiwafiche, niliunywa mwenyewe, nimesimama nyuma ya mlango, ukiwa wa moto.

Hivyo ndivyo uongo unavyonenepa, ndugu zangu, haukui kwa maneno mengi, unakua kwa kunyamaza.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa mbili asubuhi, nikasikia vigelegele. Nachungulia, jumuiya nzima inaingia uani, akina mama wamevaa sare, mbele Mama Aneti ana beseni jipya lenye sabuni, kanga, na nguo za mtoto mchanga zilizokunjwa vizuri. "Tumekuja kumwona mgeni wetu!" Wakajaa sebuleni, wakakalia viti vyangu, wengine wakakaa mkekani, mwenyekiti akaweka mshumaa mezani. Jasho lilinitoka mpaka kwenye visigino. Nilisimama mbele ya pazia la chumbani nimetanua mikono kama golikipa, nasema, "Tusali kwanza, tusali kwanza," na katikati ya Baba Yetu mlango ukasukumwa, akaingia Skola.

Alikuwa ameshuka kwenye basi la usiku, mkoba bado begani. Kumbe habari zilikuwa zimefika Sumbawanga kabla ya mimi kupata ujasiri wa kusema kweli. Hakuwasalimia watu, na mtoto yule tulimlea vizuri.

"Yuko wapi?"

"Skola mwanangu, usiingie."

"Baba, hata mwaka haujaisha! Mama hata mwaka hajamaliza, na huyo mtu wako amelala kitanda cha mama?"

Sauti yake ilikatika pale kwenye neno mama. Nikafungua mdomo niseme, lakini alishanipita chini ya mkono, akalivuta pazia mpaka likang'oka na misumari yake.

Kuku anayeatamia hana adabu kwa wageni. Alitunisha manyoya akawa kama mto, akapiga kelele, akaruka juu ya kichwa cha Skola, akapita juu ya jumuiya, akatua mezani, akaangusha mshumaa, na kwa hofu akaacha alichoacha juu ya kitabu cha sala cha mwenyekiti. Mtu mmoja akaguna, na kicheko kilichofuata kiliwaita hata wapita njia. Watu walilia machozi. Mwenyekiti alishika ukuta.

Pale sebuleni Mama Aneti peke yake hakucheka. Alikuwa bado amekumbatia nguo zile za mtoto.

"Baba Skola," akaniuliza taratibu, "na uji je?"

"Niliunywa mwenyewe."

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze.

Skola hakuwa amecheka pia, alikuwa bado chumbani. Nilipomfuata nilimkuta amesimama mbele ya kitanda, anatazama kitenge cha mama yake ndani ya beseni, mayai manne yamepasuka, na kigoda changu kando, pamoja na kikombe cha chai. Alielewa kila kitu kwa kukiona kile kigoda. Alitoka, akamkamata kuku kwa namna mama yake alivyomfundisha, mabawa yamebanwa, macho yamefunikwa kwa kiganja, akamrudisha juu ya mayai yaliyobaki. Kisha akauliza bila kunigeukia, "Simu zote zile, Baba, hao watu waliojaa nyumbani ni akina nani?"

Niliinama nikaanza kuokota maganda ya yale mayai manne.

Alikaa siku mbili. Tulijenga banda lenye miguu, yeye akishika mbao mimi nikipiga misumari. Walitotolewa vifaranga watano. Jumatatu nilimsindikiza stendi, basi likaondoka, nikarudi kwenye nyumba ambayo sasa haikuwa hata na kuku ndani. Wiki hiyo hodi hazikuja. Nguo za mtoto zilirudishwa kwa aliyezitoa, na mimi nilizunguka njia ya nyuma nisionwe.

Nimeapa sitasema tena "nina mgeni" wala "nyumba imejaa" wakati nyumba ni tupu nasikia hata saa ya ukutani ikigonga. Kusema kweli kunauma, lakini uongo ule uliniuma zaidi, kwa sababu ulinionyesha watu wangeweza kuja muda wote ule, kama ningewaambia tu.

Jumapili mchana nilivaa shati safi nikaenda kwa Mama Aneti. Alikuwa anachambua dagaa uani. Hakunikaribisha, alinitazama tu.

"Umekuja kuazima nini?"

"Sikuja kuazima," nikasema. "Nyumbani kumenishinda. Nimekuja kukaa kidogo na mtu."

Alichambua dagaa watatu, wanne. Halafu akasogeza ungo, akanipisha kwenye mkeka.