Chungwa Lenye Unga wa Pinki

Asubuhi ile, mwanangu, mkono wangu ndio unaoikumbuka kwanza. Ndio uliompiga Zaina, mdogo wangu wa mwisho, chungwa likamtoka mdomoni na kuviringika hadi chini ya lori. Alilia kwa mshangao, maana sikuwahi kumpiga. Midomo yake ilikuwa na unga wa pinki.

Ilikuwa Lubumbashi, zamani za Zaire, nami nilikuwa mwanafunzi wa kilimo mwenye madaftari mengi kuliko akili. Baba aliuza machungwa ya kutoka Mitwaba. Barabara iliyaponda, na ukungu wa kijani ulikuwa umemaliza lori zima lililotangulia. Safari hii akayapaka dawa ya mbegu za mahindi, ile ya pinki yenye picha ya fuvu kwenye gunia. Ikiwa mbegu haziozi, alijiambia, machungwa nayo hayataoza. Zaina alikuwa ametoboa moja kwa meno, kama watoto wote wafanyavyo.

Bibi, mama yake Baba, alimsukutua mtoto mdomo, akamsukutua tena.

"Ni kaunga kadogo tu," Baba akasema. Kisha akanigeukia. "Ungefanya nini weye, sitwayen wa iniversite?" Siku hizo serikali ilitaka sote tuitane sitwayen, yaani raia, hata tukigombana.

Nikaanza kuhutubu. Ukungu huingilia kwenye mikwaruzo ya ganda, nikasema, lakini kuna vijidudu vyema vinavyoweza kuwahi pale, vikala chakula chake na kuunyima nafasi. Chachu, kwa mfano. Tuyachovye machungwa kwenye munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi yaliyochachuka, kinacholevya kikikaa.

Baba alinitazama kana kwamba nimetema mate msikitini. "Munkoyo? Katika nyumba hii? Bantu ba musikiti batasema nini?"

Bibi hakuinua kichwa. "Sumu ya kuua mutoto haikukushtua. Munkoyo ndiyo inakushtua?"

Wala hakuniacha mimi. "Na weye ulijua hii maneno yote. Ulikuwa unangojea nani akufe?"



Baba mwenyewe alichimba shimo, akayafukia machungwa yote yenye unga. Sisi tulishinda tukimwangalia Zaina anavyopumua. Hakuugua. Hadi leo sijui kwa nini.

Lori lililofuata tukajaribu munkoyo. Kwa ujuaji wangu nilichovya hata machungwa yaliyokwisha kuota ukungu. Hayo yalioza vilevile. Kati ya mazima, mengi hayakuoza. Baba aliyaosha kwa maji safi na kuwaambia wateja wazi kwamba yalichovywa kwenye munkoyo. "Papa," mmoja akamuuliza, "nikila mawili nitalewa?" Akanunua hata hivyo.

Basi, mwanangu, chuma tunda bila kulijeruhi. Litangulizie kiumbe hai kisicho na madhara kabla ukungu haujafika, kwa sababu ukishafika umechelewa. Usipake kwenye chakula kitu ambacho usingekubali mtoto akilambe. Na ukijua jambo la kumkinga mtu, liseme mapema, kabla hujalazimika kutumia mkono.

Mungu akupe maisha marefu, na moyo unaojua mahali pa kushtuka.