Disiki Iliyojaa Kabla ya Kunifikia

Mwaka wa 1931, nikiwa na miaka tisa, taabu iliingia kwetu bila kupiga hodi. Kazi za reli zilipungua, baba akarudishwa nyumbani pamoja na wengine wengi, na kabla mvua hazijaanza akafa kwa kifua. Mama akabaki na watoto wawili tuliozaliwa siku moja, mimi na yaya wangu. Namwita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa sababu alinitangulia kutoka. Mama alisema maji ya bukari, ugali wetu, yasingepata hata kuchemka kati ya kutoka kwake na kutoka kwangu, lakini mkubwa ni mkubwa.

Huku kwetu Kamina watoto kama sisi wanaitwa mapasa, na mapasa wana sheria yao. Ukimpa mmoja, umpe na mwingine. Muhogo unavunjwa katikati. Ukimpiga mmoja, mwenzake naye unamgusa kofi kidogo, hata kama hakufanya kitu. Ukimsifu mmoja na kumnyamazia mwingine, yule aliyenyamaziwa anashikwa homa, anakonda, na anaweza kurudi alikotoka. Wasomi wanacheka wakisikia haya. Wacheke. Mimi nilisoma miaka miwili tu kwa mapadri. Yaya alifukuzwa kwa utundu, na mama akasema mmoja hawezi kukaa darasani na mwingine akae nje, basi nikatoka na mimi. Sikulia. Kila nilicho nacho nilikitafuta kwa mikono hii.

Mama aliyezaa mapasa anakuwa mwimbaji, atake asitake. Popote mapasa wanapozaliwa, akina mama waliopita njia ile wanaitwa kuja kuimba. Nyimbo zenyewe si za kanisani. Zina matusi ya kuchekesha, wanawake wanawatukana wanaume, wanaume wanajibu, na hakuna anayekasirika kwa sababu siku ile tusi ni baraka. Mama yangu alikuwa wa kwanza kuitwa. Alirudi na kuku, au mahindi, au samaki wakavu wa Kinkondja waliofungwa kwa majani. Ndivyo tulivyokula miaka ile.

Nakumbuka asubuhi za kiangazi. Moshi wa majani yaliyochomwa ulilala juu ya mbuga, mweupe, kama maziwa yaliyomwagika, na ndani ya moshi ule sauti ya mama ilifika kabla yake. Tulikaa mlangoni tukiisikia inakua. Kwanza ilikuwa kama nyuki mmoja, halafu kama muntu, halafu mama mwenyewe anatokea, miguu imelowa umande. Nilifikiri mama wa kila muntu anakuja hivyo, sauti kwanza, mwili nyuma.

Wimbo wake mkubwa ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya yaya, jinsi alivyokuja kichwa mbele kama mwenye lupangu, mwenye kiwanja na nyumba yake. Ya pili ilikuwa yangu, jinsi nilivyokuja nyuma nikinung'unika, na pua ya babu yangu usoni, pua ambayo mama aliitukana mistari mingi. Sehemu hizo mbili hazikuwahi kutengana. Aliyeanza ya kwanza alipaswa kumaliza ya pili, hata kama mvua inanyesha.

Nilipokuwa kijana nilichoma makala, yaani makaa, nikayauza kambi ya reli. Baadaye nikafagia kwa Mgiriki mmoja mwenye magazini, yaani duka, karibu na gare ya reli. Mle ndani nilikutana na fono, lile sanduku la kuimba linalozungushwa kwa mkono, pamoja na disiki zake nyeusi, nzito, zinazovunjika kama chombo cha udongo. Mgiriki akatupa fono moja iliyokatika chuma cha ndani. Nikaiokota. Niliifungua, nikaifunga, nikaifungua tena, mpaka siku moja ikaimba. Hakuna aliyenifundisha.

Wenye muziki ule walikuwa wajanja. Disiki yao ilitaka sindano yao, uicheze halafu uitupe, na sindano hazikupatikana mahali pengine. Vita ilipokuja zikakosekana, na disiki zikawa bubu ndani ya nyumba za watu. Mimi nikakata miiba ya mulimau, nikaikausha juani, nikaifunga mahali pa sindano. Sauti ilitoka ndogo, laini, kama muntu anayeimba akiwa ndani ya mtungi. Mgiriki aliposikia akasema naiharibu mali ya watu. Nikamwambia mali ya watu iko katika magazini yake, hii hapa ni yangu.

Jumapili baada ya misa lupangu langu lilijaa. Wake zetu walipika munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, watu walikaa chini na vikombe vyao, wakafumba macho. Jua lilikuwa linapita polepole kwenye majani ya mulimau. Disiki ilizunguka, na ukiitazama sana ulihisi ni lupangu linalozunguka, na disiki ndiyo imesimama. Serikali nayo ilitundika haut-parleur, yaani kipaza sauti, juu ya nguzo katikati ya cité, mtaa wetu. Ilisema saa yake, ikaimba saa yake, ikanyamaza saa yake. Huwezi kuiambia rudia. Ndiyo maana watu walikuja kwangu.

Miaka michache baada ya vita, kiangazi, likaja kamyo, lori la kukamata sauti. Muzungu wa kampuni ya disiki alikuwa anazunguka nchi nzima akitafuta nyimbo, na alikuwa na karani wa kumtafsiria, Mmethodisti, shati jeupe, kalamu mfukoni. Waliuliza ni nani anayeimba vizuri, na cité yote ikawaelekeza kwa mama.

Walimweka mbele ya chuma kimoja chenye kichwa kama cha nyoka, juu ya fimbo, waya wake ukiingia kwenye kamyo. Ndani ya kamyo kulikuwa na taa ndogo nyekundu. Karani alieleza kwamba taa ikizimika, wimbo uishe. Mama akakubali kwa kichwa, kama anavyokubali muntu ambaye hakusikiliza.

Aliimba. Akina mama wenzake wakaitika. Nilisimama kando ya yaya, na sisi tulikuwa wanaume wazima wenye wake, lakini tulijikuta tumeshikana vidole. Alimwimba yaya mpaka mwisho, akavuta pumzi ya kuanza yangu, na taa ikazimika.

Mama hakuiangalia taa. Aliendelea. Muzungu akainua mkono, karani akaingia katikati.

"Mama, inatosha. Disiki imejaa."

"Imejaa na nani?"

"Na wimbo wako."

"Wimbo wangu haijaisha. Umebeba mutoto mumoja. Ule mwingine namuacha wapi?"

Karani alieleza kwa upole kwamba disiki inabeba dakika tatu tu, si zaidi, na upande wa pili una mwenyewe, kijana mmoja wa gitaa, kwa sababu kampuni ilikwisha kupanga kitu gani watu watapenda kusikia. Mama alimuuliza kampuni ilizaa mapasa wangapi. Muzungu akataka kujua mama anasema nini, na pia wimbo wenyewe ulikuwa unasema nini.  Karani akamwambia kwa Kifaransa kwamba ni mama anayemshukuru Mungu kwa watoto wake. Mmoja wetu aliyejua Kifaransa akatutafsiria, na akina mama wakaanguka kwa kicheko, kwa maana mistari ya mwisho ilikuwa juu ya matako ya baba mkwe.

Mama hakucheka. Alikaa kwenye ngazi ya kamyo.

"Mwambie muzungu wako, minyi nilizala babili. Kama anataka mumoja, aniache na disiki yake. Kama iko anaenda nayo, akamate na ule mwingine. Hapa sitoki."

Alikaa. Jua likasogea. Muzungu alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka, halafu akaweka disiki nyingine kwenye chombo, nafikiri ili kamyo lipate kuondoka. Na mama akasimama, akaniimba. Pua ya babu, manung'uniko, yote. Nilisikia mwili wangu umekuwa mwepesi, kana kwamba mimi ndiye ninayeingizwa kwenye ule waya, na upande wa pili wa waya kuna nchi tulivu ambako watu wananingoja. Walimpa mama kitambaa na chumvi. Akarudi nyumbani akiwa radhi.

Disiki ilichelewa sana. Ilipofika kwenye magazini ya Mgiriki, tulikwenda na yaya kuichukua. Upande mmoja mama, na yaya ndani yake. Upande wa pili, gitaa. Tulimuuliza Mgiriki ile nyingine. Akasema imekuja hii tu.

Jumapili ile watu walijaa hadi barabarani. Mama alikaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa, akajisikiliza akiwa ndani ya mtungi. Wimbo ulipokatika, mwiba ukabaki unakwaruza, kr, kr, kr. Watu wakanigeukia mimi. Wote walijua sheria. Mama akainuka, akaanza sehemu yangu kwa mdomo, pale pale ulipoachia, na sauti ile ile, ila kubwa, yenye mate na pumzi. Tangu siku hiyo ikawa hivyo kila Jumapili. Fono ilimwimba yaya, mama alinimalizia mimi. Watu walitoka hata njia ya Kaniama kuja kusikia.

Lakini mimi nilitaka disiki yangu. Mama alikuwa anazeeka. Nikapanda gari la moshi mpaka Elisabethville, kwenye nyumba ya kampuni inayouza. Msimamizi wa pale alikuwa kijana wa kwetu, mwenye tai. Alitafuta, akarudi mikono mitupu. Akasema ile ya pili haikutoka, wakubwa waliisikiliza wakaona bibi mmoja anatosha. Nikamwomba basi anipe ile ile iliyokamata sauti kwenye kamyo. Akasema haiuzwi.

"Ni sauti ya mama yangu," nikamwambia.

"Sauti njo ya kampuni, papa. Weye uko na masikio tu."

Hakusema kwa ubaya. Alinionyesha hata disiki mpya, ndogo, nyepesi, zenye tundu kubwa katikati, akasema hizi ndizo zinakuja, na fono zetu za mkono zitabaki za kuku kutagia mayai. Disiki zile zilitaka umeme, na umeme cité yetu haukuwa nao. Usiku kucha ndani ya gari la moshi magurudumu yalipiga wimbo wa mama, na kila mara yalikatika pale pale, kabla yangu.

Nilimweleza mama nikidhani atalia. Akanitazama.

"Basi sitakufa mbio," akasema, akaendelea kuchambua sombe, majani yake ya muhogo.

Alijitahidi. Jumapili nyingi alijitahidi, hata pumzi ilipokuwa fupi na aliimba ameketi. Akafa kiangazi, moshi ukiwa juu ya mbuga.

Baada ya mazishi nikafunga fono kwa kitambaa. Yaya angeweza kumsikia mama akimwita wakati wowote. Mimi ningesikia mwiba unakwaruza. Sikumwonea wivu, naandika ukweli, lakini homa ikanishika. Nilikonda mpaka mkanda ukazunguka. Mchana nililala, na katika usingizi mama alikuja kutoka ndani ya moshi bila sauti, mwili kwanza, na mimi nikawa najua kwamba ni kinyume lakini siwezi kusema. Munganga wa hospitali alisema ni malaria, akanipa dawa. Akina mama wa ukoo walisema kitu kingine, na hawakusema kwa kunong'ona. Mimi sibishani na munganga. Nilikunywa dawa yake, na bado sikuweza kula.

Yaya akaja Jumapili moja mchana, na nguo zake za kazi ya reli. Alifungua kitambaa, akatoa disiki, akaishika kwa mikono miwili juu ya goti.

"Naivunja," akasema. "Tutakuwa sawa."

"Ukivunja utamuzika mara mbili."

Yaya akaiweka disiki mahali pake. Halafu akazungusha fono. Akachonga mwiba. Mama akaanza kuimba, na mimi nikageukia ukuta. Alimwimba yaya, kichwa mbele, mwenye lupangu, mpaka mwisho wake. Mwiba ukaanza kukwaruza. Yaya hakuuinua. Alisimama katikati ya nyumba, akafungua mdomo, akaimba sehemu yangu.

Yaya ana sauti ya mbuzi. Hata kanisani walimwomba aitike moyoni. Aliimba pua ya babu, aliimba manung'uniko, akasahau mstari mmoja, akatia wake mwenyewe kwamba mimi ni mchoyo na munkoyo wangu una maji mengi. Nyuma ya ukuta wa miti mwanamke wa jirani, aliyekuwa anatwanga, akaacha kutwanga akaitika. Mwingine akaitika ng'ambo ya barabara. Nilianza kucheka nikiwa nimelala, kicheko kikaumiza mbavu. Nikaomba bukari. Nilikula yote, na yaya akala sawa na mimi, kwa kuwa ndiyo sheria.

Leo niko na lupangu moja lenye nyumba ya matofali ya kuchoma, bati juu. Niko na vyumba viwili vya nyuma, wapangaji ndani. Niko na shamba la mahindi na muhogo njia ya Kaniama. Niko na mbuzi, na kinga, yaani baiskeli, moja yenye tairi mpya. Niko na cherehani ya marehemu mke wangu. Niko na fono tatu, moja inafanya kazi. Niko na watoto saba na hakuna mapasa kati yao. Na disiki ya mama, ambayo ni ya sisi wawili, mwezi mmoja inakaa kwangu, mwezi mmoja kwa yaya, na anayeicheza hapaswi kuwa peke yake. Mwezi huu iko kwake.