Filamu ya Polepole

Wanangu wanasema ni uzee. Basi negativu ninayo. Njoo uishike mwenyewe, halafu uniambie uzee umeanza lini kuacha alama kwenye filamu.

Ujana wangu wote nimepiga watu picha hapa Moshi: harusi, kipaimara, pasipoti. Mke wangu, Mama Neema, sikumpiga hata moja. Kila akiomba, namjibu kesho. Yeye hucheka: "Wewe na kesho yako!" Alifariki mimi nikiwa Himo, kwenye harusi ya watu. Tukamzika kihambani, shamba letu la ukoo kule Machame, kati ya migomba, bila picha ya kutangulia jeneza.

Kwetu aliyekosa hupeleka jani la isale kuomba msamaha, na aliyekosewa hawezi kulikataa. Lakini marehemu, utajuaje kama amepokea? Nililifunga fundo, nikaliweka kaburini, nikarudi mjini na moyo mzito.

Jioni hiyo nikaenda kupiga picha mnara wa saa. Nilitaka filamu ya nyeusi na nyeupe, maana hiyo naisafisha mwenyewe jikoni. Dada wa dukani alinishauri, "Mzee, kwa usiku chukua hii inayoshika mwanga haraka." Nikajifanya mjuzi, nikachukua ya polepole, ya mchana. Kosa langu. Filamu ile inataka lenzi ikae wazi muda mrefu, na kila anayetembea hufutika.

Nimeshaisimamisha kamera, mama mmoja aliyejitanda khanga, uso kivulini, akaja mbele yangu.

"Nipige na mimi."

"Mama, ukitikisika tu umepotea."

Akacheka kidogo. "Siku hizi najua kutulia."

Nikafungua lenzi. Watu wakapita, bodaboda zikapita. Yeye hakutikisika, wala khanga yake, na upepo ulikuwepo, niamini. Nikafunga.

"Nitaisafisha kesho."

"Wewe na kesho yako!"

Nani mwingine angesema vile? Nikainua kichwa. Pale palibaki taa na lami.

Sikungoja kesho. Picha ilipotoka, barabara ilikuwa tupu, bodaboda zimekuwa michirizi ya mwanga. Katikati, Mama Neema, wazi kabisa, anatabasamu. Mkononi ana jani la isale, fundo limegeukia kushoto, kama nifungavyo mimi mashoto.

Asubuhi nilipanda Machame. Kaburini jani halikuwepo.

Picha iko ukutani, juu ya meza ninapokula chakula. Neno kesho silitamki tena mbele yake. Na wewe mwenye simu mfukoni, mpige wako leo, hata kama amevaa nguo za shamba. Wangu alirudi kuomba mara ya pili. Wako usimtegemee.