Mama Mkwe Amenitangazia Mimba kwa Sababu Siachi Kusali

Admin, shikamoo kama umenizidi umri. Nifiche jina kwelikweli, maana mawifi zangu wote wamo humu.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, huu ni mwaka wa nne tangu niolewe na bado sijajaliwa mtoto. Nauza vitenge Kariakoo, mume wangu anauza samaki Feri, na tunaishi na mama yake kwenye fleti Mchafukoge. Niwawahi kabisa wale wa kuandika "mama mkwe mchawi". Huyu wangu si mchawi, ananipenda. Angekuwa ananichukia, hili jambo lingeshaisha zamani.

Nyumba yetu ni ya watu wa sala, na kwenye nyumba ya namna hiyo siku za mwanamke hazina siri. Nikiwa hedhini sisali, mama anaona mswala wangu umekunjwa juu ya kabati. Haulizi kitu. Anaendelea kukuna nazi, na ule ukimya wake huniuma kuliko angenisema.

Sasa siku zangu mimi hazijawahi kuwa na adabu. Mara ziwahi, mara zichelewe, mara zipotee kabisa. Mwaka huu zikapotea muda mrefu kuliko mara zote, nikawa nasali mfululizo. Mama akaniita chumbani kwake, akanishika mkono.

"Mwanangu, mimi nakuangalia tu. Siku hizi huachi sala."

"Mama, tusubiri kwanza nipime."

Akacheka. "Upime nini? Nimezaa watano mimi, hakuna hata mmoja niliyempimia."

Mpaka jioni jengo zima lilishajua. Nikishuka ngazi naambiwa, "Pole pole, mama kijacho!" Na mimi nikaamini, jamani. Nilinunua kipimo cha mkojo, nikapimia choo cha dukani, ukatoka mstari mmoja. Nikajiambia bado mapema, nikakitupa, nikaendelea kuuza vitenge huku nimeweka mkono tumboni. Kuna kitenge cha njano nilikificha chini ya meza nisikiuze, nikisema hiki ni cha kumbebea mwanangu.

Mume wangu ndiyo usiseme. Mtu wa samaki yule, zamani alikuwa anaingia ndani na magamba mpaka kwenye nywele. Aliposikia nina mimba akaanza kuoga hukohuko Feri na kubadili nguo kabla ya kurudi, eti harufu isije ikanitapisha. Sijawahi hata kutapika. Lakini kila akiingia ananukia sabuni, ananiuliza, "Leo vipi, haijakusumbua?"

Halafu damu ikaja. Ilianza matone nikiwa namkatia mteja kitambaa, kesho yake ikawa nyingi. Nikakimbilia hospitali nikilia njia nzima, nikijua mtoto anatoka. Daktari, mwanamke wa makamo, akanipima mkojo, akanipima damu, akaniangalia tumbo kwenye mashine. Akanishika bega.

"Dada, hapa hakujatoka mimba. Vipimo vyote havionyeshi kama ilikuwepo."

Nikamuuliza, sasa ile miezi niliyokosa siku zangu ilikuwa nini? Akanieleza taratibu kwamba kukosa siku si lazima iwe mimba. Inaweza kuwa homoni, mawazo, uzito kupanda au kushuka, na mengine mpaka yachunguzwe. Akasema nilitakiwa kupima tena kwa kipimo kipya baada ya wiki moja. Tena akanionya, siku nikipima nikakuta mimba kweli halafu nikaona damu, nisikae nyumbani kusikilizia, nije hapohapo. Mwisho akasema matatizo kama haya mengi yana dawa, ila nije na mume wangu. Hiyo ya mume ndiyo iliyonimaliza.

Nilirudi nyumbani nimejipanga kusema ukweli. Nafungua mlango, namkuta mama ametandika miswala miwili, wake na wangu, ubavu kwa ubavu.

"Nilikuwa nakungoja wewe, mwanangu. Njoo tusali, na uniombee haya magoti yangu. Dua ya mwenye mimba nina imani nayo."

Nilitakiwa kusema neno moja tu, "sisali", na angeelewa yote. Nikashindwa. Nikavaa shela langu la kusalia nikasimama pembeni yake, damu inanitoka, nikainama akiinama, nikasujudu akisujudu. Simfichi yeye tu, Mungu naye ananiona. Na tangu siku hiyo nimesimama hivyo kila sala, pedi nazitupa Kariakoo.

Kuna wakati shetani ananiambia niseme imeharibika. Nitapewa pole, nitapikiwa uji, mume wangu atanikumbatia tulie wote. Lakini nitakuwa nimewazikisha mtoto ambaye hakuwepo. Na nikisema ukweli, nani atanipa pole, na pole ya nini? Mimi nimefiwa, jamani, ila sina wa kumtaja kwamba ndiye aliyekufa. Kile kitenge cha njano bado kiko chini ya meza. Wateja wawili wamekitaka, nimewaambia kimeshalipiwa.

Ijumaa hii mama ameita wanawake wa jengo zima waje kunisomea dua. Tutaanza kwa kusali pamoja, bega kwa bega, na ameshasema mimi nitakaa katikati. Mume wangu analeta samaki wa kupaka. Jana yeye mwenyewe kaninunulia shela jeupe jipya, ananiambia nilivae siku hiyo.

Jeupe, jamani, na damu bado haijakata.

Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nakaa chini na nani kwanza, mume wangu au mama? Na ninaanzaje? Nipeni hata neno la kwanza tu, mengine yatatoka yenyewe.