Vidonge vya Shangazi

Juzi niliondoka Kitale asubuhi bila mpango, nikafika Bungoma. Mwenye nyumba ya wageni alinipa ufunguo kwa mkono uliotetemeka, nikamkumbuka shangazi.

Alasiri moja, zamani, mimi naye tulikuwa tukipukuchua mahindi yaliyonukia jua. Mikono yake ilitetemeka, mate yakimdondoka. Nilidhani vidonge vya hospitali vinamuua polepole, nikaificha pakiti ndani ya gunia la mahindi.

"Dawa yangu iko wapi, wewe?"

"Si inakutetemesha, shangazi!"

Akacheka. "Hiyo nitamwambia daktari. Lakini nikiiacha, zile sauti za kichwani zitarudi kunitukana, na hata wewe sitakujua."

Tulimwaga gunia zima, tukaipata. Kumbe kila siku alikuwa akichagua kubaki nasi. Alimeza kidonge, akashika hindi lingine kwa mikono ile ile.

"Haya, mwizi wa dawa, pukuchua!"