Chaza wa Karai na Chaza wa Wangari

Enzi zetu pale Makongeni, Thika, mnyama wa nyumbani alikuwa na kazi yake. Mbwa alibweka, kuku alitaga, sungura alisubiri Krismasi. Hakuna aliyefuga kitu kwa sababu ya rangi ya midomo yake. Sasa nihurumieni, maana niko sebuleni kwa binti yangu Wangari hapa Ruiru, nikilinda chaza. Ndiyo, yule wa baharini, wa magamba mawili, asiye na kichwa wala miguu, ila midomo ya rangi ya kung'aa. Wangari amesafiri kikazi, ameniachia tangi la kioo lenye maji ya chumvi, chaza huyo na samaki wachache, na tangu aondoke sijui kukaa. Nikienda jikoni narudi kuchungulia. Nikianika nguo narudi. Chai yangu inapoa kila nikiimimina.

Si chaza wa kwanza kunikosesha raha. Nakumbuka nikiwa mdogo, Baba alikwenda Mombasa na kwaya ya kanisa. Alikuwa mtu wa kiwandani, mikono mikubwa, maneno machache, na hakuwa amewahi kuona bahari. Alirudi na mtungi wa plastiki uliojaa maji ya bahari, na ndani yake chaza mzima wa rangi ya matope. "Nimewaletea bahari," akatuambia, akicheka kama mtoto. Alimwaga vyote ndani ya karai la nguo, na ploti nzima, wapangaji wa vyumba vyote, ikaja kutazama, watoto mbele, kina mama nyuma na miiko mkononi. Harufu ile ya chumvi na mwani ilishinda hata ya githeri ya mahindi na maharagwe iliyokuwa jikoni.

Mama peke yake hakufurahi. "Haiya, Baba Kariuki! Kama si ya kula, mimi nitafulia wapi?" Lakini hata yeye alimzoea mgeni. Maji yalipopungua kwa jua, aliongeza ya mfereji, akatupia chumvi ya jikoni, akaonja kwa kijiko, akakunja uso, akaongeza tena. Alipika bahari kama supu. Nasi tulimwamini, kwani mchuzi wake haukuwahi kukosa chumvi.

Siku moja chaza akafungua magamba wazi kabisa. Tulishangilia! Kaka yangu Kariuki akasema mgeni ana njaa, akaleta uji wa wimbi, tukamtilia kijiko kwa kijiko. Baba aliporudi kutoka kazini alikuta karai limezungukwa na watoto wanaoimba, na maji yananuka. Alimgusa yule chaza kwa kidole. Hakufunga. Baba alisimama pale na nguo zake za kazi, hakutugombeza, uso tu ukamshuka, na mimi niliumia kuliko kama angetuchapa.

Watoto wa siku hizi, kusonga ugali kunawashinda, lakini Wangari wangu ana chumvi maalumu ya bahari, kipimo cha chumvi, pampu ya kuzungusha maji na taa kali ya kumulika kutwa. Kabla ya kuondoka alinionyesha kila kitu polepole, kana kwamba mimi ndiye wa nasari. "Mum, maji ikipungua usiongeze chumvi. Maji ndio inakauka, chumvi inabaki. Ongeza tu hii nimechuja." Nikakumbuka lile karai. Kumbe Mama alikuwa akimwongezea yule maskini chumvi juu ya chumvi! "Na ukipitisha mkono hapa juu, kivuli kikimpata, lazima afunge. Akibaki tu wazi, huyo anakufa. Mtoe haraka kabla achafue maji, samaki nao wafe."

Jana mchana stima ikapotea. Pampu ikanyamaza, maji yakalala. Nikampigia Wangari simu. "Mum, chota maji na jagi umwage kutoka juu, ipate hewa!" Hilo hakuwa na haja ya kunifunza. Nimepoza chai ya watoto maisha yangu yote kwa vikombe viwili. Nikachota, nikainua, nikamwaga, mkono juu, mkono chini, jasho likinitoka, nikimwomba Mungu kwa Kikuyu. Chaza mwenyewe si chochote kwangu. Niliogopa kuona tena uso ule wa Baba, safari hii kwa mtoto wangu.

Stima iliporudi nilipitisha mkono juu ya tangi. Hakufunga. Nikasogea karibu. Nikapitisha tena, polepole, hadi kivuli kikamfunika. Chap! Akajifunga kwa hasira. "Amefunga!" nilipiga kelele, nikafungua mlango nimwambie mtu yeyote atakayepita. Korido ilikuwa tupu. Milango yote imefungwa, wengine kazini, wengine ndani na simu zao.

Pale Makongeni tulikuwa umati kuzunguka karai, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua chaza anataka nini. Hapa kila kitu kinajulikana, na chaza akipona hakuna wa kushangilia ila mimi. Nilirudi ndani, nikavuta kiti hadi kwenye kioo, nikakaa, nikaanza kumsimulia chaza habari za Baba.