Kibanio cha Dan-bi

Ukimuumiza mtu kwa kosa lako, unachukua muda gani kumwambia?

Daktari Pyo Ki-seok alikuwa akisomea kusoma picha za ndani ya miili ya watoto wagonjwa katika hospitali moja mjini Daegu. Alikuwa na akili nyepesi, na aliwachukia madaktari wanaowaficha wazazi ukweli. Ndiyo maana mchana ule wa baridi kali, mama yake Dan-bi alipomvizia mlangoni, akamtia machenza mkononi na kumwambia, "Daktari, wewe umeshaziona picha. Usinizungushe," hakumzungusha.

"Kwenye picha shingoni kunawaka, mama Dan-bi. Pande zote mbili. Inaelekea ugonjwa umerudi."

Dan-bi, binti wa miaka saba, alikuwa amemaliza matibabu ya saratani ya tezi za limfu kiangazi kilichopita. Nywele zake ndiyo kwanza zilikuwa zimefika masikioni. Asubuhi ile alikuwa amewaringia wauguzi wote kibanio chake chekundu, kwamba sasa kinashika.

Jioni wanafunzi walikusanyika mbele ya skrini ya Profesa Tak. Mashine yao ni mbili katika moja: moja hupiga picha ya mwili, nyingine huonyesha ni wapi sukari yenye mionzi aliyodungwa mtoto inaliwa kwa wingi, maana saratani huila sukari kwa pupa. Pyo aliieleza shingo ile kama mtu anayesoma jina lake mwenyewe. Profesa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akailaza picha ya pili juu ya ile ya kwanza.

"Haya, niambie. Huo moto umekaa juu ya nini?"

Pyo akatazama. Haukuwa juu ya tezi. Ulikuwa juu ya mafuta, yale mafuta ya kahawia ambayo mwili wa mtoto huyatumia kuchoma sukari ili ujipashe joto. Alikuwa ametazama kinachong'aa tu, hakutazama kinang'aa wapi.

"Mtoto alisubiri amevaa nini?"

Ni Pyo mwenyewe aliyemvua koti kwa sababu zipu zake za chuma huharibu picha, akaahidi kumletea blanketi, kisha akakimbilia mhadhara.

"Gauni la hospitali tu, Profesa."

Mwenzake mmoja alinong'ona kwamba kumbe siku hizi baridi nayo inaitwa saratani. Wakacheka chinichini. Profesa hakucheka. Aliuliza kama kuna mtu aliyeiambia familia kwamba ugonjwa umerudi. Pyo akainamisha kichwa.

"Mpigie mama yake sasa hivi. Kabla hujala."

Pyo alisimama kwenye ngazi na simu mkononi, akapanga maneno, akayapangua. Akajiambia kwamba habari kama hiyo haisemwi kwa simu, kwamba heshima ni kumwambia mama ana kwa ana, na kwani kesho hawaji kupimwa damu? Alijua anajidanganya. Alikuwa anaona haya, basi. Akaenda kula supu ya wali na wenzake, na bakuli akalimaliza.

Tunawafundisha vijana hawa kuona kivuli kidogo kuliko punje ya mchele. Neno "nilikosea" tunawaachia wajifunze wenyewe, kwa machozi ya watoto wa watu.

Kesho yake asubuhi aliwasubiri mlangoni. Mama alikuja amemshika Dan-bi mkono, macho yamemvimba. Mtoto alikuwa na kofia ya sufu iliyoshuka hadi kwenye nyusi.

"Mama Dan-bi, jana mimi..."

Dan-bi akaivua kofia. Kichwa kilikuwa kipara, kimenyolewa mpaka kinang'aa.

"Tumezitoa wenyewe jana usiku," mama alisema. "Mara ile dawa zilipoziangusha, alikuwa akiziokota kwenye mto kila akiamka. Sikutaka aone tena."

Dan-bi akafumbua kiganja. "Daktari, nitunzie hiki. Mpaka ziote."

Pyo akakipokea kibanio, akapiga magoti palepale mbele ya watu, na ndipo akayasema yote: mafuta, koti, blanketi, simu ambayo hakuipiga.

Mama hakupiga kelele. Aliichukua kofia, akamvisha mwanawe, akaivuta vizuri mpaka ikafunika masikio yote mawili, maana pale mlangoni palikuwa na baridi.